Kuku, Mwambie Mwenye Mbao

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii nikiwa nimekaa kitini kwangu, sijakohoa kwanza, sijageuza uso, na hakuna aliyenishangaa. Karatasi ina faida yake. Miaka yote uliyokaa nasi hapa Mkolani sikuwahi kukuamkia hivi, kama mtu anavyomwamkia mama. Nilikohoa kabla ya kutoka mlangoni ili upate nafasi ya kugeuka, nawe ulikohoa kabla ya kukatiza uani ili nipate nafasi ya kuzunguka nyuma ya nyumba. Majirani wasioijua mila yetu walidhani ukoo mzima tuna kifua. Mpaka leo mtu akiniuliza ulikuwaje, nitamweleza visigino vyako, ncha ya kanga yako, na mgongo wako ukiwa umeketi kwenye kigoda. Sura yako naijua kwa picha tu.

Sina ugomvi na mila. Tulivyolelewa, mkwe na mama wa mkewe hawaangaliani, hawapeani mikono, hawali sahani moja, na mkwe halitamki jina la mama huyo hata akiwa peke yake. Ni heshima, na heshima hiyo tuliilinda mimi na wewe mpaka mwisho. Ila nina shukrani imenikaa kooni tangu tukuzike, na hii njia ya barua ndiyo pekee ninayoweza kuipitishia bila kukuvunjia adabu.

Unakumbuka ulivyokuja? Ilikuwa miaka ile ya tisini, viwanda vilipoanza kupunguza watu. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kufumia nguo, fundi wa chuma, mikono yangu haijui kingine. Walitusomea majina asubuhi, langu likiwa katikati ya orodha, na mchana nikawa mtu wa kukaa nyumbani. Siku ya kuondoka niliomba ruhusa nichukue mbao za makasha yaliyoleta mitambo kutoka Ulaya enzi hizo, zilizokuwa zimelala stoo tangu sijaajiriwa. Wenzangu walicheka. Nilizileta nyumbani nikazisukuma chini ya kitanda, bila kujua nazitakia nini.

Mwanao Kabula akawa anatoka alfajiri kwenda kuuza nguo za mitumba stendi ya Buzuruga, nami nabaki. Habari zikavuka na kivuko zikafika kwenu upande wa Sengerema. Shemeji yangu Masalu, mwanao wa kwanza, akatuma neno kwamba dada yake hakuolewa ili alishe mwanaume. Arudi nyumbani na watoto mpaka mume atakapojipanga. Kumbe wewe ndiye uliyemzuia. Ulisema, "Nitakwenda nione mwenyewe. Nitakalosema mimi ndilo litakalokuwa." Ukaja na mkeka, mtungi mmoja wa maji, na kisingizio cha mguu unaohitaji kutazamwa hospitali ya mjini. Kila mtu alijua umekuja kunipima. Mimi nilijua zaidi ya wote.

Na ulinikuta nafanya nini? Natengeneza gitaa.

Naona aibu hata leo kueleza. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia gitaa lake bovu, lile la aina ya zamani, la nyuzi za nailoni, mgongo umepasuka kwa kukaliwa na mtu mnene. Alidhani fundi wa mitambo anaweza kuliunga. Nililifungua siku moja asubuhi kwa kisu cha moto, taratibu, na nilipoutoa ule mgongo nikabaki mdomo wazi. Chini ya uso wa gitaa kulikuwa na vijiti vyembamba vimetandazwa kama vidole vya mkono uliofunguka, kila kimoja kimechongwa kikaishia kuwa chembamba kuliko unyasi, na uso wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa dirishani. Nimefanya kazi na mashine zenye uzito wa tembo. Sikuwahi kuona kitu kilichobeba nguvu nyingi hivyo kwa mwili mdogo hivyo. Nyuzi sita zinavuta mchana kutwa, na ule uso mwembamba unazuia, halafu juu ya kuzuia unaimba. Nilikaa nalo mapajani mpaka Kabula aliporudi, sijapika wala sijala.

Basi nikataka kutengeneza la kwangu. Kwa nini, usiniulize. Ningeweza kushona viatu, ningeweza kwenda kubeba sangara kwenye viwanda vya samaki kama wenzangu walivyokwenda. Nilitaka kuona kama na mimi naweza.

Banda langu la kazi lilikuwa limeegemea ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko kulikokuwa na kivuli cha asubuhi. Ukaweka kigoda chako hapo. Mabati na tofali moja ndivyo vilivyotutenganisha. Nilikuwa nakusikia ukichambua dagaa, nawe ulikuwa unanisikia nikipiga randa. Kila sauti ya randa niliiona ni ushahidi dhidi yangu: huyo hapo mwanaume mzima, saa nne asubuhi, anachezea mbao.

Gitaa la kwanza lililia kama ndoo. Padri alikuwa ameniambia kabla ya kuondoka kwamba fundi hushika ubao pembeni kwa vidole viwili, akaugonga kwa kiungo cha kidole na kuusikiliza. Hakuniambia nisikilize nini. Nami nikawa nagonga kila siku, ko, ko, ko, nabandika sikio, siambulii kitu. Nilichonga, nikagonga, nikachonga tena. Nilikuwa nagonga tu kwa vile nimeambiwa wenye kazi yao hugonga.

Wiki ya tatu ndipo uliposema. Kabula alikuwa Buzuruga, watoto shuleni, nyumba nzima tupo wawili, na mila hairuhusu uniambie neno moja kwa moja. Kulikuwa na yule kuku mweupe aliyekuwa akitamia kwenye kikapu karibu na kigoda chako. Nikasikia sauti yako, kavu, bila haraka:

"Kuku, mwambie mwenye mbao, huo ubao bado una maji."

Nilisimama na ubao mkononi kama mwizi. Nikaona nami nimtume kuku huyohuyo. Nikasema, "Kuku, muulize mama, amejuaje?"

"Kuku, mwambie, unajibu kwa ndani. Kitu kikavu kinajibu kwa nje."

Nikachukua kipande kingine, cha mninga, nikakigonga. "Hicho kikavu," ukamwambia kuku, "ila upande mmoja mnene." Nikakigonga huku na huku. "Huko. Huko ulikogonga sasa." Nilikuwa na kipimo changu cha kiwandani, kile cha kupimia unene wa vyuma, kinachoona unywele. Nikapima. Mama, upande ule ulikuwa umezidi kwa unene wa kucha. Nikapima tena. Jicho langu halikuuona, mkono wangu haukuuhisi, na wewe uliuona kupitia ukuta ukiwa unatoa mchanga kwenye dagaa.

Jioni nilimsimulia Kabula, akacheka mpaka akakaa chini. "Hukujua? Mama amefinyanga vyungu tangu akiwa msichana. Kila chungu anakigonga kabla ya kukichoma na baada ya kukichoma. Chenye ufa anakijua kabla ufa haujatokea. Sokoni wanawake walikuwa wanampelekea hata vyungu vya watu wengine awagongee." Nilikuwa nimeoa kwenu miaka tisa, nakula chakula kilichopikwa kwenye vyungu vyako, na nilikuwa sijui hilo. Nilijua wewe ni mama wa mke wangu, basi.

Kuanzia hapo ikawa shule. Mimi na wewe na kuku. Ulikuwa mkali, na nitasema kweli, ulikuwa na dharau kidogo. "Kuku, muulize ubao umemkosea nini." "Kuku, mwambie randa si jembe." Siku nyingine nikiudhika nami namtuma: "Kuku, mwambie mama mimi si mtoto." Nawe unamtuma: "Kuku, mwambie basi asichonge kitoto." Krismasi Kabula alipotaka kumchinja yule kuku, ulikataa katakata. Ulimwambia, "Muache huyo, ana kazi." Tulikula maharage sikukuu ile na hakuna aliyelalamika isipokuwa watoto.

Lakini katika masomo yote hayo hukuwahi kusema neno moja kuhusu lile lililokuleta. Hukumwambia Kabula, hukumwambia kuku. Na Masalu alikuwa ametuma salamu kwamba mvua za masika zikiisha atavuka kuja kukuchukua, na wewe utasema dada yake anaondoka nanyi au anabaki. Nilihesabu siku kwa hofu. Nikajiambia, akinikuta na gitaa lililokamilika, linalolia, labda nitaonekana mtu. Nikiwa na rundo la mbao tu, sina la kujitetea.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao nadhani hata huko uliko bado unaucheka. Mvua ilikuwa haikati, mbao hazikauki. Nikiweka darini zinanyonya unyevu, nikiweka juani jua halipo. Jirani yetu alikuwa anabanika mabaki ya sangara, yale mapanki wanayoyatoa viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya, na tanuri lake halizimi. Nikamwomba nitandaze mbao zangu juu kabisa, juu ya samaki. Siku mbili tu. Nilijiona mjanja. Zilitoka kavu, rangi ya asali, na nilipogonga zikalia vizuri ajabu.

Ukasikiliza. Kisha: "Kuku, mwambie zinalia vizuri. Mwambie pia zinanuka."

Sikutaka kusikia. Nilikuwa na haraka, mama. Nikachonga, nikakunja mbavu kwenye bomba la moto, nikachemsha gundi ya ngozi ya ng'ombe, nikabandika. Nyuzi tatu nyembamba nilitumia mshipi wa kuvulia, na zile nene niliziviringishia waya mwembamba wa shaba kutoka mota iliyoungua, juu ya uzi wa nyavu. Hiyo kazi ya kuviringisha ndiyo pekee niliyoijua, ilikuwa kama kurudi kiwandani. Nikakaza waya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Paka wa jirani akaja akaketi miguuni pangu akilitazama gitaa kwa mapenzi. Hata hapo sikushtuka. Nilipofika waya wa tano, kile kibao kinachoshika nyuzi kikachomoka na kuruka, kikapiga bati kwa kishindo, na vijiti vya ndani vikaanza kudondoka kimoja kimoja, nasikia vinagonga. Mafuta ya sangara yalikuwa yameingia mpaka kwenye kiini cha ubao. Gundi haikushika kitu.

Nilikaa sakafuni. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nane na nilitaka kulia kwa sababu ya harufu ya samaki. Niliona mke wangu anavuka ziwa na watoto na mabegi, na mimi nimebaki na paka.

Muda mrefu ulipita. Nilijua uko hapo, kigoda chako kilikuwa kinalia ukijigeuza. Nilisubiri unicheke. Ukasema:

"Kuku, muulize zile mbao za chini ya kitanda anamtunzia nani."

Mbao za makasha. Sikuwa nimewahi kuzigusa. Nilizifanya kama mali ya kumbukumbu, au niliogopa kuziharibu, sijui. Nikaenda nikazitoa zote, nyeupe, zimepakwa namba za meli, zina matundu ya misumari. Nikazipangusa. Ukanigongesha ubao mmoja mmoja asubuhi nzima, na hukusema neno kwa kila mmoja uliokataa. Nilikuwa naweka pembeni nachukua mwingine. Nadhani tulipita ishirini. Halafu nikagonga mmoja uliokuwa umepigwa muhuri pembeni, ubao wa hovyo kwa kuutazama, na sauti ilitoka ikakaa hewani. Iliendelea hata nilipokuwa nimeshatoa kidole. Mimi mwenyewe niliisikia. Kwa mara ya kwanza nilisikia unachosikia wewe, na nikaogopa, jinsi mtu anavyoogopa akiingia kanisa kubwa akiwa peke yake.

Hukumtuma kuku safari ile. Ulisema tu, kama unaongea na nafsi yako, "Huo umeiva."

Miti ile ilikatwa nchi ambayo sitaifika, ikavushwa bahari kwa ajili ya kufungia mashine, ikalala stoo miaka mingi na kukauka bila mtu kuiharakisha. Na mfinyanzi wa kando ya ziwa ndiye aliyeitambua. Nikiwaza hilo hata sasa naacha kazi kidogo.

Niliutengeneza ule uso wa gitaa ukiniongoza kila mpigo wa randa. "Punguza." "Acha." "Hapo usirudi tena." Mgongo na mbavu nikaweka mninga, shingo mkangazi. Sikulala na wasiwasi wa tarehe tena. Nilikuwa nimeacha kumtengenezea Masalu. Nilikuwa nataka tu kusikia kilichomo ndani ya ule ubao.

Na kana kwamba imepangwa, Masalu alifika siku ileile niliyofunga nyuzi. Nilisikia kishindo cha viatu vyake uani, nikasikia akikuamkia, ukaitikia. Kabula alikuwa jikoni, na najua alikuwa amesimama bila kufanya kitu, kwa sababu vyombo vilinyamaza. Masalu hakuzungusha maneno.

"Mama, nimekuja. Tufunge mizigo ya nani?"

"Keti kwanza," ulisema. Halafu: "Kuku, mwambie mwenye mbao apige."

Masikini Masalu. Alimwuliza Kabula kwa sauti ya chini hospitali walikupa dawa gani.

Nililichukua gitaa. Mimi si mpigaji, nilijua mapambio mawili ya kanisani na vidole vya kuokoteza. Nilijua pia kwamba kibao kikiruka mara hii, kimeruka mbele ya shemeji. Nikapiga waya wa chini peke yake, kwanza. Mama, sijui nisemeje. Sauti ilitoka kifuani mwa lile gitaa, nzito na safi, ikajaa banda, ikatoka mlangoni, na niliihisi kwenye mbavu zangu kabla sijaisikia kwa masikio. Ilikuwa imetoka kwenye kasha. Ilikuwa imepita mikononi mwangu, hii mikono ya grisi. Nikapiga pambio la kwanza, nikakosea, nikarudia, nikalimaliza. Kibao hakikuruka. Nikaliweka mapajani nikasubiri kuhukumiwa.

"Masalu," ulisema.

"Naam, mama."

"Chini ya kitanda changu nyumbani kuna kapu. Lina mawe yangu ya kusugulia vyungu na vibuyu vyangu vya kukwangulia. Niletee ukija tena. Lile shamba la mihogo mwambie mkeo alilime yeye."

Masalu akauliza: "Na dada?"

"Dada yako yuko kwake. Na mimi nina kazi hapa."

Kabula aliangusha sufuria. Mimi niliegemeza paji la uso kwenye ule ukuta, upande wangu, na nikalia kama sikuwahi kulia hata siku waliposoma majina kiwandani. Nadhani ulinisikia. Ukamwambia kuku, "Mwambie waya wa nne umelegea." Na kweli ulikuwa umelegea.

Siku ile jioni nililiweka gitaa juu ya kigoda chako, nikaondoka mpaka barabarani ili uwe huru. Niliporudi lilikuwa limerudishwa mlangoni pa banda, limefunikwa kanga. Mgongoni, karibu na shingo, kulikuwa na alama ya dole gumba, ya udongo wa mfinyanzi uliokuwa umeanza kuuchimba bondeni. Hatukuwahi kupeana mikono, mama, mimi na wewe. Sikuifuta. Nilipaka vanishi juu yake, na gitaa hilo haliuzwi.

Ulikaa nasi mpaka Mungu alipokuchukua. Uani kukawa na vyungu upande mmoja na magitaa upande mwingine, na kila kilichotoka hapa kiligongwa na mmoja na kusikilizwa na mwenzake. Vyungu vyako vilivyopasuka na magitaa yangu yaliyoshindwa tulivirundika pamoja nyuma ya choo. Siku ya mazishi, kule kwenu, nilisimama nyuma ya watu wote kwa mazoea, nikajikuta nakohoa kabla ya kusogea kaburini. Watu walidhani ni vumbi.

Sasa nimezeeka. Wanakuja vijana kutoka Buswelu na mjini, wanataka gitaa, wengine wanataka kujifunza. Nawagongesha mbao. Mara nyingi nasikia mwenyewe: huu una maji, huu upande mnene. Lakini kuna siku nagonga, nasita, na najikuta nimenyamaza nikisubiri ng'ambo ya ukuta. Kigoda bado kipo. Kabula hataki kiondolewe.

Vijana wananiuliza nilifundishwa na nani. Siwezi kulitamka jina lako, unajua. Basi nawaambia wachungulie ndani ya tundu la gitaa. Mafundi wengine huandika humo jina lao. Katika kila gitaa langu, tangu lile la kwanza lililolia vizuri, nimeandika la kwako, kwa kalamu, kwa mwandiko wangu mzuri, chini ya vijiti vile vilivyotandazwa kama vidole. Wakishindwa kulisoma namwita Kabula awatajie. Analitamka kwa sauti, nami huwa natoka nje kidogo kwa heshima, nasikiliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

Asante, mama. Nimesema. Pumzika salama, na ukiwa na la kunijibu usijisumbue kuja mwenyewe. Tuna kuku mwingine mweupe sasa. Mwambie yeye.

Ni mimi mkweo,
Mwenye Mbao